Swali la Wifi: Siku Nane kati ya Mwanza na Ukerewe

Ilianzia jikoni kwangu, Dodoma. Wifi yangu alirudi sokoni amenuna, akatua kapu chini. "Wewe si ndiye mtu wa Mwanza? Hebu niambie, kwa nini kila mwezi kuna siku dagaa wa kwenu wanapanda bei, halafu wanashuka wenyewe bila hata kuombwa?" Nikamjibu kwamba ni wafanyabiashara tu, unawajua. Akacheka kile kicheko ambacho kila mwenye wifi anakijua.

Nimezaliwa Kirumba. Dagaa nimeanza kula kabla ya kumaliza kuota meno, na jibu sikuwa nalo. Basi nilipopata likizo nikaenda nyumbani na daftari la kurasa 96.

Siku ya kwanza, Jumatano

Basi limeondoka saa 12 alfajiri. Singida, mteremko wa Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Miguu imevimba, jirani yangu amelala begani kwangu kuanzia Nzega. Hakuna la kusimulia hapo.

Baada ya Usagara nikaamka sawasawa, maana mawe yameanza. Mgeni akiingia Mwanza kwa mara ya kwanza huuliza nani aliyapanga: jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jiwe dogo, na juu yake tena kuna la tatu, na chini yake mtu amejenga banda la kuku wala hana wasiwasi. Sisi tuliokulia hapo hatuulizi. Usiku huu mjomba, ambaye alifundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu, amenieleza huku akila ugali. Hayakupangwa na mtu, na wala hayakuporomoka kutoka mahali. Ni granaiti iliyopoa chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ikapasuka nyufa za wima na za mlalo kama mkate uliokatwa vipande. Maji yakapita kwenye nyufa, yakala pembe kwanza kwa sababu pembe hushambuliwa pande zote, jiwe likawa la mviringo huku bado limefukiwa. Baadaye udongo ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki palepale yalipokuwa, yamebebana.

"Kwa hiyo jiwe la juu halijawahi kusogea?" nikauliza.

"Limekukuta hapo, na litakuzika," akasema mjomba, akaomba mboga zaidi.

Siku ya pili, Alhamisi

"Mwangaluka," amenisalimu mama mdogo alfajiri, nami nikaitikia "mwangaluka" nikijisikia nimefika kweli.

Nyuma ya nyumba yake kuna jiwe pana lililolala kama meza. Juu yake ameanika michembe. Nilikuwa nimesahau tofauti, akanikumbusha kwa sauti ya kumwonea mtu huruma: michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kuanikwa. Jiwe linashika joto la jua mpaka jioni, kwa hiyo linakausha juu na chini kwa pamoja. Oveni ya bure, na haina luku.

Pembeni ya michembe alikuwepo mjusi kafiri wa kwetu, yule dume wa kichwa na mabega ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu, kama ameshonewa sare ya timu. Wataalamu wamempa jina la Agama mwanzae, mji wetu umo humohumo. Nimekaa naye karibu nusu saa. Alikuwa akipiga zile pushapu zake. Utotoni tulisema anatutukana, kumbe anawaambia madume wengine kwamba jiwe hili lina mwenyewe. Majike waliomzunguka ni wa kahawia, hutawaona mpaka wasogee. Nilipomrushia chembe ya kiazi akaingia ufani, na rangi ikaanza kufifia. Mama mdogo anasema usiku ukimkuta amelala ni wa udongo tu, umaridadi wake ni wa kazini.

Kisha tukashuka Mwaloni. Mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia, ndiyo maana soko linaitwa Mwaloni. Mji huu majina yake ukiyasikiliza yanajieleza: Mabatini ni kwenye mabati, Makoroboi ni zile taa za kibatari. Hata Mwanza yenyewe ni Nyanza, yaani ziwa, iliyopita midomoni mwa wageni ikatoka na umbo jingine.

Harufu inakupokea kabla ya geti. Magunia ya dagaa yamepangwa kama ukuta, mengine yanasubiri malori ya Kongo na Burundi. Juu ya mapaa wamesimama korongo wale wenye upara, wanatazama biashara kama maofisa wa ushuru.

Nilimwendea mama mmoja aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, shikamoo, marahaba, nikauliza bei ya sado. Kwa wasiojua: sado ni kopo la rangi la lita 4. Jina limetokana na rangi za Sadolin. Rangi iliisha ukutani zamani, kopo likabaki sokoni likawa kipimo cha mahindi, maharage, dagaa, kila kitu. Ni kama debe, ambalo nalo lilikuja nchini limejaa mafuta ya taa. Sisi hatutupi chombo, tunakipa cheo.

Alinitajia bei nikashtuka.

"Mama, mbona hivyo?"

Akanyoosha kidole juu bila kuinua macho. "Muulize huyo."

Nikatazama juu. Paa. Korongo.

"Mwezi, mwanangu. Leo ni mwezi mpevu. Nani ataenda ziwani kuwasha taa kwenye mwanga?"

Jibu la wifi hilo. Mama wa watu alilitoa huku akifukuza nzi. Lakini kwa vile nilimwonyesha daftari, akaita kijana wa kupakia magunia aliyewahi kuvua, wakanieleza kwa zamu. Mchana dagaa wanakaa chini, karibu na tope. Giza likiingia wanapanda juu kufuata vijidudu vya majini wanavyovila, na wavuvi huwavuta kwa taa. Mbalamwezi ikiwepo, taa inakuwa kama kibatari mchana: dagaa wametawanyika, hawana sababu ya kukufuata wewe. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi inalala ufukweni, wavuvi wanashona nyavu, na gunia linapanda bei. Giza likirudi, nalo linashuka.

Kuna lingine nililolipata hapo ambalo limeniaibisha zaidi. Miaka yote nilijua dagaa ni watoto wa samaki wakubwa. Uongo mtupu! Dagaa ni samaki mzima, mwenye ukoo wake, anazaa akiwa na ukubwa huohuo wa kidole, na hata umtunze miaka hatageuka sangara. Tena kwa uzito, dagaa ndio wengi kuliko samaki wengine wote wanaovuliwa ziwani siku hizi. Na dagaa wa Kigoma, wale ambao wifi anawasifia mpaka inachosha, si ndugu wa hawa hata kidogo. Wa Kigoma ni jamaa za samaki wa baharini, ukoo wa sardini. Wamefanana umbo na jina tu, kama watu wawili wanaoitwa Juma.

Upande wa sangara niliona mtu akitoa bondo. Alichana tumbo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta polepole mfuko mweupe unaong'aa, akaufuta damu kwa kidole gumba kama anafuta kioo cha simu. Bondo ni mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea bila kuhangaika. Likikaushwa husafirishwa hadi China na Hong Kong, ambako ni chakula cha heshima. Bei ya kilo ya bondo kavu inaiacha mbali sana bei ya kilo ya minofu. Minofu nayo inaondoka kwa ndege. Kinachobaki kwetu ni panki, yaani kichwa na mifupa, na wanaojua kulikaanga hawalii.

Siku ya tatu, Ijumaa

Tumekwenda Sengerema kumjulia hali babu. Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo sasa ni Daraja la J.P. Magufuli, lina kilomita 3, na limefunguliwa Juni 2025. Dereva hakupunguza hata kidogo. Zamani hapa tulikaa kwenye foleni ya pantoni, tukanunua mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, tukagombana na kondakta, na ukienda msibani ulifika watu wameshazika. Silililii pantoni. Yai la Busisi, hilo nalikumbuka.

Babu hajambo.

Siku ya nne, Jumamosi

Meli ya Ukerewe, saa tatu na ushee majini. Nimekaa juu, upande wenye kivuli.

Mama mdogo amekataa kuja. Hajapanda meli tangu tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba watu wazima walikaa barabarani na hakuna aliyetuuliza kama tumekula. Makaburi yao yako Igoma. Nimevaa boya langu tangu bandarini, kijana mmoja akanicheka, sikumjali.

Katikati ya maji, nchi kavu ikawa mstari tu. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na ukilitazama unadhani halina mwisho kwenda chini pia. Kumbe ni ungo. Mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo, wakati Tanganyika inafika mita 1,470. Tanganyika haifikii nusu ya eneo la ziwa letu lakini ina maji kama mara 7 zaidi. La kwetu ni pana kama sinia, la wenzetu ni kisima. Na sehemu kubwa kabisa ya maji haya haikuletwa na mito, imedondoka hapahapa kama mvua, kisha nyingi inarudi juu kwa jua. Mto Nile unachukua kilichobaki.

Ungo huo uliwahi kukauka. Miaka 15,000 hivi iliyopita hapa nilipo palikuwa nyasi. Ndipo maji yakarudi, na wale samaki wadogo wa rangi rangi tunaowaita furu wakazaana na kugawanyika mpaka wakawa aina mamia, kwa muda ambao kwa mambo ya viumbe ni kama kufumba na kufumbua. Majike ya furu hutamia mayai mdomoni, hawali mpaka watoto watoke. Nilimweleza hilo mama aliyekaa karibu nami na watoto watatu, akatikisa kichwa: "Angalau watoto wake hawasemi nina njaa."

Aina nyingi za furu zimepotea. Sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 aliwala, hilo kila mtu analisema. Lisilosemwa sana ni kwamba maji yenyewe yamekuwa machafu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi kwenye Ghuba ya Mwanza, walieleza kwamba jike la furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu haoni vizuri, anachanganya buluu na nyekundu, aina mbili zinaishia kuwa moja. Maskini, amekosea mume kwa sababu ya giza.

Kuhusu jina. Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa tarehe 3 Agosti 1858, akiwa upande huu wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria, na kutangaza kwamba Nile inaanzia hapa. Hakuwa amelizunguka. Alibahatisha, na bahati yake ikawa kweli, ila wenzake hawakumwamini hata aliporudi mwaka 1862 na kuona maji yakitoka upande wa Uganda. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiliita Ukerewe, Waganda Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Leo Ukerewe limebaki jina la kisiwa ninachokwenda, kikubwa kuliko vyote humu ziwani.

Nansio. Shangazi amenipokea gatini na mwavuli, wakati hakuna mvua wala jua.

Siku ya tano, Jumapili

Baada ya ibada binamu amenipeleka kuona kamongo aliyenaswa usiku. Alikuwa ndani ya beseni la bluu lenye maji ya kufunika mgongo tu, mnene kama paja la mtoto, mapezi yake kama kamba nne za viatu. Kila baada ya dakika chache alinyanyua pua, akafungua mdomo na kuvuta hewa. Unamsikia! Sauti kama ya mtu anayenywa chai ya moto. Kamongo ana mapafu, na akiwa mkubwa matamvua hayamtoshi, lazima apande juu kupumua. Wavu ukimshikilia chini muda mrefu anakufa maji. Samaki anakufa maji. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili kwenye daftari.

Shangazi akataka kumpika. Nikasema nimeshiba.

Usiku radi. Wote tulilala mapema, saa nane mabati yakaanza kupigwa. Asubuhi binamu akanieleza kwa nini mvua kubwa ziwani hupenda usiku. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, ndio ule unaopoza Mwanza saa tisa. Usiku nchi inapoa na maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka. Sasa piga picha: pwani zote za ziwa zinapuliza kwenda katikati kwa wakati mmoja. Pepo zinakutana, hazina pa kwenda ila juu, zikiwa zimebeba unyevu wa ziwa zima. Mvuvi yupo chini yake, na taa yake.

Siku ya sita, Jumatatu

Leo wavuvi wanarudi kazini. Mwezi haujakwisha, lakini binamu anasema giza la kuanzia lipo. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Alhamisi ulitoka jua lilipozama. Siku nne baadaye umechelewa saa tatu na zaidi, basi kati ya saa moja na saa nne usiku ziwa ni lao.

Nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa nikiwatazama wakijiandaa. Baba mkubwa wa binamu alivua kwa karabai, akipampu mafuta ya taa na kuomba upepo usipasue kitambi cha taa. Siku hizi ni taa za sola zilizofungwa juu ya maboya ya mbao, betri ndani ya dumu lililokatwa na kufunikwa nailoni. Wanazisambaza kwa kamba, moja hapa, nyingine kule, kisha wanasubiri. Dagaa wakijaa chini ya taa wanaizungushia wavu, wanavuta, wanahamia ya pili. Kijana mmoja alikuwa akijaribu taa yake ufukweni, na hapohapo wadudu wakaivamia, akafunga mdomo akiendelea kunisimulia kwa pua.

Wadudu wenyewe si wale wa wingu. Wale, unaowaona kwa mbali kama moshi mweusi unaotoka majini, wengi huibuka siku za mwezi mwandamo. Utotoni tulizima taa na kufunika sufuria. Hawaumi, hawana hata muda wa kuuma. Wameishi topeni kama viluwiluwi, wakitoka na mbawa wana siku chache tu za kuoana na kufa. Ila ukipiga miayo umeshakula kilo.

Saa mbili giza lilikuwa limeshika. Taa moja, tano, ishirini, kisha nikashindwa kuhesabu. Palitokea mji pale ambapo mchana hapakuwa na kitu, na mji wenyewe ulikuwa ukicheza taratibu juu na chini. Shangazi alileta matobolwa na chai. Hatukuongea sana. Saa nne kasoro, nyuma yetu, anga likaanza kuwa la manjano, mwezi ukatoka umebonyea upande mmoja. Baada ya muda taa za karibu zikaanza kuzimwa, moja moja.

Alfajiri mitumbwi imerudi na ndoo chache. "Ya mwanzo," binamu amesema. Wakamwaga dagaa kwenye nyavu zilizotandikwa juu ya mchanga, wakawasambaza kwa mikono wakitembea kinyumenyume. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha. Mvua ikinyesha, wanageuka chakula cha kuku. Pembeni kuna chanja, meza za nyavu zilizoinuliwa kutoka ardhini. Dagaa wa chanjani hawana mchanga, kwa hiyo bei yao iko juu, na kwa hiyo kila muuzaji ana dagaa wa chanjani.

Siku ya saba, Jumanne

Meli, usingizi, Mwanza. Mwaloni nikamkuta mama yangu wa Alhamisi kwenye ndoo yake. Bei bado, akasema, subiri wiki. Siwezi kusubiri, kazi inaniita. Akapima sado tatu, kila moja akaipa kilima juu mpaka dagaa wakaanza kuteleza, nami nikadai nyongeza kama nilivyofundishwa na mama yangu, akanitupia ngumi mbili.

"Wa chanjani hawa?"

"Wa chanjani kabisa, mwanangu. Hutaona hata punje."

Siku ya nane, Jumatano

Tumefika Dodoma usiku. Wifi alikuwa hajalala. Nikamweleza mwezi, taa, mita 80, kamongo, furu aliyekosea mume, Juma wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake, huku akikaanga dagaa kwa vitunguu na nyanya na pilipili mbili.

Tukaketi. Akamega tonge, akachota, akatafuna. Akaacha kutafuna. Kilisikika kitu kidogo kati ya meno yake, krr, akanitazama.

"Wa chanjani?"

"Kula, wifi," nikamwambia. "Huo ni wa Ukerewe."